Ukifika Xi'an usile hotelini: namna ya kuingia kigahawa cha mtaani, kuagiza na kula kama wenyeji

Kama unaenda Xi'an, huko China, iwe kusoma, iwe biashara, au unapita tu kwenda kuangalia yale majeshi ya udongo, zile sanamu za askari wa kale, nakuomba sana usile hotelini. Chakula cha huu mji kiko mtaani, kwenye vile vigahawa vya meza nne tano, viti vya plastiki, sufuria inachemka mlangoni na mama aliyevaa aproni anaita oda kwa sauti mpaka barabarani. Nimekaa hapa miaka mitatu nikisoma na kila mgeni anayekuja kutoka nyumbani namtembeza kwa mpangilio huu huu ntakaouandika, tunaanza na vitu vyepesi alafu tunapanda taratibu, na mpaka leo hamna aliyerudi na njaa.

Kwanza toa kichwani ile picha ya chakula cha Kichina unayoijua. Watu wengi nyumbani wakisikia Mchina wanawaza wali na mchuzi mweusi wa soya, basi. Xi'an iko jimbo la Shaanxi, kaskazini magharibi, na huku ni nchi ya ngano, mtu anakula mkate na tambi asubuhi mpaka usiku, pamoja na nyama ya kondoo, ya ng'ombe, binzari nyembamba, ufuta, siki, kitunguu saumu na pilipili iliyounguzwa na mafuta ya moto. Mtu wa Tanga au Mombasa ukimwekea hivyo vitu mezani hashangai hata kidogo. Na sio bahati tu, huu mji zamani ukiitwa Chang'an ndo ulikua kichwa cha ile Njia ya Hariri, njia ya zamani ya wafanyabiashara, Waarabu na Waajemi walikuja na misafara wakakaa wakaoa, na mpaka leo Wahui, yaani Waislamu wa Kichina, wana mtaa wao katikati kabisa ya mji na misikiti yao na majiko yao. Ule Msikiti Mkuu uko uchochoroni ndani ya huo mtaa, kuna jiwe la kumbukumbu linataja mwaka 742, ila majengo mengi unayoyaona saivi ni ya enzi za watawala wa Ming, na yamejengwa Kichina kabisa, mapaa yamepinda, hamna kuba. Ukipata nafasi ingia uone kabla ya kwenda kula.

Hatua ya kwanza: maandalizi

Hapa ntaenda haraka. Ukiwa bado nyumbani weka Alipay au WeChat, programu za kulipia za Wachina, kwenye simu, unga kadi yako ya Visa au Mastercard, thibitisha kwa pasipoti. Vigahawa karibu vyote vinalipwa kwa kuskani, wewe ndo unaskani ile karatasi ya ukutani, unaandika kiasi, unamwonyesha mwenye duka simu, imeisha. Kwa kadi ya nje malipo yaliyo chini ya yuan 200 (yuan ndo hela ya China) hayakatwi ada, na mlo wa kigahawani haufiki huko hata mkiwa watatu. Beba na noti ndogo ndogo, wanazipokea, ila ukitoa noti ya 100 kwa kitu cha yuan 8 saa moja asubuhi unamsumbua mtu chenji.

Google haifunguki kule kwa laini ya kawaida, kwaiyo pakua mapema programu ya kutafsiri inayosoma picha, au tumia ile sehemu ya kuskani ya WeChat, unaielekeza kwenye menyu inakutafsiria. Weka tishu mfukoni, vigahawa vingi haviweki mezani au wanaziuza. Simu iwe na chaji, maana bila simu hapo huna hela wala mkalimani.

Hatua ya pili: chagua kigahawa, na hapa usiwe na haraka

Shuka metro stesheni ya Zhonglou, hapo ndo kwenye Mnara wa Kengele, tembea kidogo magharibi uupate Mnara wa Ngoma, pita chini yake utokee mtaa wa Beiyuanmen. Huo ndo mtaa unaouona kwenye picha zote, taa, umati, ngisi wazima wamechomekwa kwenye vijiti, watu wanavuta pipi kwa mikono na kugonga karanga kwa nyundo za mbao. Pita, furahia, piga picha, ila usishibie pale. Bei zimepanda kwa ajili ya watalii na wanaouza wanajua hawatakuona tena.

Unachotakiwa ni kukata kona. Ingia Xiyangshi, endelea Dapiyuan, au bora zaidi nenda Sajinqiao ambako kuna mpaka stesheni yake ya metro kwenye laini ya 1. Huko ndo unakuta wazee na kofia zao nyeupe wanakunywa supu, wanafunzi na begi mgongoni, mama katoka nyumbani na bakuli lake kuja kununua apeleke. Na ukiwa unaishi mbali na katikati usijali, karibu kila mtaa wa huu mji, hasa pembeni ya vyuo, una kigahawa kizuri cha tambi.

Naangalia vitu vitatu tu. Menyu iwe fupi, kigahawa kinachouza kitu kimoja au viwili kinakijua hicho kitu, chenye picha themanini ukutani mara nyingi hakijui hata kimoja vizuri. Jiko lionekane, uone mtu anakanda unga au anakata nyama mbele yako. Na mabakuli yawe yanazunguka, watu wanaingia wanakula wanatoka, chakula hakilali. Ukikuta duka linafunga saa nane mchana kwa sababu vitu vimeisha, andika anuani yake urudi kesho.

Hatua ya tatu: jua unakula nyama gani

Hii ni muhimu kwa Muislamu na kwa asiye Muislamu pia, maana kitu chenye jina moja kinaweza kua nyama mbili tofauti. Kwenye Kichina neno rou ni nyama, ila likisimama peke yake kwenye menyu mara nyingi maana yake ni nguruwe. Ng'ombe ni niu rou, kondoo ni yang rou, nguruwe ni zhu rou, tamka kama "ju rou". Alama ya kushika kichwani ni hii 清真, inasomwa qingzhen, sema "chingjen", ndo halali. Utaiona kwenye kibao juu ya mlango, mara nyingi rangi ya kijani na maandishi ya Kiarabu pembeni. Ukiona hii 猪 ujue nguruwe yupo.

Ndani ya mtaa wa Wahui sehemu zote ni qingzhen. Ukiingia huko usibebe bia wala chakula ulichonunua sehemu nyingine ukakifungua mezani kwao, hata kama wewe sio Muislamu. Wanalichukulia kwa uzito sana na wako sawa, ni heshima ya nyumba. Ukimsalimia mzee salamu ya Kiislamu atakuitikia, na mimi nimeshuhudia mara nyingi tu ile salamu ikifungua tabasamu na kipande cha ziada cha nyama. Nje ya mtaa huo, kwenye vigahawa vya kawaida, nguruwe ndo kawaida, kwaiyo uliza.

Hatua ya nne: siku ya kwanza kula liangpi na roujiamo

Usianze na vikubwa. Wenyeji wenyewe wana mlo wao wa haraka wanaouita sanqin taocan, ni vitu vitatu, liangpi, roujiamo na chupa ya soda ya machungwa ya Bingfeng ambayo imekuwepo hapa tangu 1953. Mtoto wa shule anakula hivyo, fundi wa ujenzi anakula hivyo, na wewe siku ya kwanza tumbo bado limechoka na safari ndo kinakufaa.

Liangpi ni kitu ambacho sisi hatuna mfano wake. Wanakanda unga wa ngano, alafu lile donge la unga wanaliosha kwenye maji, wanalifikicha mpaka maji yanakua meupe kama tui, yale maji yanaachwa yatulie, uji mzito unaobaki chini unamwagwa kwenye sinia bapa unapikwa kwa mvuke. Inatoka kama ngozi nyembamba, laini, inang'aa. Wanaipaka mafuta, wanaikunja, alafu wanaikata kwa kisu kikubwa kweli, ukisikia tak tak tak mlangoni ujue ndo hiyo. Kile kilichobaki baada ya kuosha unga nacho hakitupwi, kinapikwa kinakua na vitundu kama sifongo, kinakatwa vipande kinawekwa humo humo, na ndo kinachonyonya mchuzi wote, mimi nakiwahi hicho kwanza. Juu yake matango yaliyokatwa nyembamba, chipukizi za choroko, siki, maji ya kitunguu saumu na mafuta mekundu ya pilipili. Inaliwa ya baridi.

Kuna za ngano na kuna za mchele, za mchele zinaitwa mipi, ni laini zaidi. Na kwenye mtaa wa Wahui wanaweka uji mzito wa ufuta juu, inaitwa majiang liangpi, hiyo kwa mtu wa pwani anayependa vitu vizito vizito itamkamata. Ila kama una mzio wa ufuta au karanga uliza kabla, hivyo vitu huku vinaingia kimya kimya kwenye kila kitu.

Kuhusu pilipili, muuzaji atakuuliza kwa kuchovya kijiko kwenye yale mafuta na kukuangalia usoni. Ukisema bu la, tamka "puu laa", hawaweki kabisa, ila nakusihi usiseme hivyo, utakua umekula nusu ya chakula. Sema "shao la", kidogo. Pilipili ya Shaanxi ina harufu kuliko ukali, wanaisaga, wanaichanganya na ufuta, wanaimwagia mafuta ya moto, inanukia kama karanga. Aliyezoea pilipili mbuzi hapo hatolewi jasho. Giligilani nayo huku inawekwa kwa mkono mkubwa, kama huipendi sema "bu yao xiangcai", kile kipande cha mwisho kinatamkwa "shiang tsai".

Roujiamo sasa. Jina lake maana yake nyama iliyobanwa na mkate. Mkate wenyewe wa duara, mdogo kama sahani ya kikombe, umechomwa mpaka nje unalia kama biskuti na ndani bado laini. Kwa Wahui nyama ni ya ng'ombe au kondoo iliyolazwa kwenye chumvi na viungo alafu ikachemshwa masaa mengi, inakua nyekundu, inachambuka yenyewe. Kwa vigahawa vya kawaida ni nguruwe, anachemshwa kwenye supu ya viungo ambayo haimwagwi, kesho inaongezewa maji na viungo inapika tena, na wenye maduka wanajivunia supu zao za zamani. Atakutolea pande, atalikatakata kwenye gogo mbele yako, atamwagia kijiko cha ule mchuzi, atafungua mkate na kusindilia. Ukiona kuna bei mbili, ile ya juu kidogo inaitwa chun shou, nyama tupu bila mafuta, watu wengi wageni wanaikimbilia, ila chukua ya mchanganyiko maana mafuta ndo yanalainisha mkate. Shika kwa karatasi yake, ulaze kabisa, usiusimamishe kama ndizi, ukiusimamisha mchuzi wote unashuka kwenye mkono wa shati. Kula hapo hapo, ukibeba nyumbani mkate unalegea.

Liangpi inakua kama yuan 8 mpaka 12 na roujiamo 10 mpaka 18 hivi, inategemea mtaa.

Hatua ya tano: biangbiang, tambi pana kama mkanda

Siku ya pili njoo na njaa. Hizi ni tambi zinazovutwa kwa mkono, upana vidole viwili vitatu, urefu wa tambi moja unaweza kukaribia mita, na wenyeji wana msemo wa zamani kwamba tambi za Shaanxi ni kama mkanda wa suruali. Wanasema jina linatokana na ule mlio, mpishi anashika unga ncha mbili anaupiga mezani, biang, biang, unarefuka. Herufi yake ni maarufu kwa ugumu, ina mistari zaidi ya 50, na kompyuta zilikua haziwezi kuiandika kawaida mpaka ilipoingizwa kwenye mfumo wa Unicode mwaka 2020. Utaiona imechorwa kubwa ukutani, wengi wanapiga nayo picha.

Kwa mara ya kwanza agiza youpo, ndo ile ya kumwagiwa mafuta. Bakuli linakuja na tambi, mboga za majani, juu rundo la pilipili ya unga na kitunguu saumu, na mafuta ya moto yamemwagwa dakika hiyo hiyo, bado yanachachatika. Sasa hapa usianze kula juu juu. Shika vijiti, ingiza mpaka chini kabisa ambako siki na soya zimelala, geuza, nyanyua, geuza tena, mpaka kila tambi imekua nyekundu. Dakika nzima, usione uvivu. Mtu anayekula bila kuchanganya anakula pilipili kavu juu na chumvi chini alafu anasema chakula hakina ladha.

Tambi moja haiingii mdomoni mara moja na hamna anayetegemea iingie. Inamisha kichwa kwenye bakuli, ng'ata, iliyobaki irudi, ng'ata tena. Kutoa sauti sio ukosefu wa adabu. Mezani utakuta vitunguu saumu vibichi havijamenywa, menya punje moja, tambi kidogo, kipande cha kitunguu, ndo wanavokula, wana usemi kwamba kula tambi bila kitunguu saumu utamu unapotea nusu, na mimi nakubaliana nao kabisa baada ya kuona ule ukali unavyokata mafuta.

Na kabla hujaondoka omba mian tang, ni maji yale yaliyochemshia tambi, hayana chumvi, meupe, ya moto. Ni bure. Wanaamini supu iliyopika chakula ndo inayokisaga tumboni. Usitegemee maji ya baridi, huku mezani ni maji ya moto au haya, na baada ya lile bakuli la mafuta utaona mwenyewe kwanini.

Hatua ya sita: paomo, na hapa tenga masaa mawili

Hiki ndo chakula ninachokipenda kuliko vyote katika huu mji, na ndo ambacho wageni wengi wanakikosea. Kwetu mtu anaamka asubuhi anapiga supu ya mbuzi na chapati, anamega anachovya. Yangrou paomo ni wazo lile lile ila mkate wote unaumega wewe mwenyewe kabla supu haijaja, alafu unarudishwa jikoni ukapikwe.

Mambo yanaenda hivi. Unalipa, unapewa bakuli kubwa tupu, mkate mmoja au miwili kulingana na ulivyoagiza, na kibanio au kipande chenye namba. Kwa mara ya kwanza mkate mmoja unatosha, ukiwa una njaa ya kweli ndo uchukue miwili, maana ukiloweka unavimba. Nenda kanawe mikono, sinki lipo, kila mtu ananawa. Kaa. Sasa anza kumega.

Mkate huu ni mgumu, unga wake umewekewa hamira kidogo sana makusudi ili ukikutana na supu usigeuke uji. Mara yangu ya kwanza nilikua nimemega mapande makubwa kama ya kuchovya chai, mzee mmoja wa meza ya pili akanyanyuka, hakusema neno, akachukua mkate wangu akanionyesha. Kwanza unauvunja katikati. Alafu unauchana kwa unene wake, juu na chini viachane kama unafungua kitabu. Alafu unakamata pembeni kwa dole gumba na kidole cha shahada unafinya vipande vidogo, saizi ya punje ya haragwe, wao wanasema kama kichwa cha nyuki. Vunja, chana, finya. Kila kipande kiwe na ngozi kidogo na ndani kidogo. Akakaa kwenye kiti chake akaendelea na wake, na kila baada ya muda ananiangalia vidole vyangu kama mwalimu. Nilimaliza baada ya nusu saa vidole vinauma, na lile bakuli lilipokuja ndo nikaelewa kwanini alijisumbua.

Kwa sababu mkate ukiwa mdogo supu inaingia mpaka katikati, ukiwa mkubwa nje umelowa ndani bado kavu. Mpishi anapika kila bakuli peke yake, mkate wako na supu na nyama na zile tambi nyembamba zinazong'aa kama nailoni, moto mkali dakika chache, na akipokea bakuli anaangalia umemega vipi ndo anajua aweke supu kiasi gani. Sehemu nyingi siku hizi wana mashine ya kukata, na mhudumu akiona mgeni anaweza kukuuliza kama unataka uliokatwa tayari. Kataa. Nasema kwa moyo wangu wote, kataa. Ile nusu saa ya kumega ndo muda wenyewe wa kula na watu, angalia meza za pembeni, babu na mjukuu, marafiki wawili wazee, mikono inafanya kazi na mdomo unaongea, hamna anayeshika simu kwa sababu vidole vimejaa unga.

Ukipeleka bakuli watakuuliza unataka supu vipi. Kuna gan pao, kavu, supu yote imenyonywa. Kuna kou tang, ukimaliza mkate inabaki kama funda moja la supu chini. Kuna shui wei cheng, maana yake maji yamezunguka mji, mkate unakaa katikati kama kisiwa na supu pembeni, hiyo inafaa waliomega vipande vikubwa. Wewe sema kou tang. Hakikisha namba yako ipo na bakuli lako, maana kuna mabakuli hamsini jikoni na kila mtu anautaka mkate aliofinya yeye.

Likirudi, usikoroge. Najua nimetoka kukwambia biangbiang ikorogwe mpaka chini, hii ni kinyume chake. Anza pembeni, kula ukielekea katikati, kidogo kidogo kama funza anavyokula jani, hivo moto unabaki ndani na ladha haichafuki. Wataleta kisahani cha kitunguu saumu kilicholowekwa kwenye sukari na siki, kitamu, hakinuki sana, na pilipili ya kusaga nzito. Pilipili usiimwage yote juu, weka ncha ya kijiti pembeni ya kila tonge. Ukihisi mafuta ya kondoo yamezidi, punje moja ya kitunguu, unaendelea.

Bei yake iko juu kidogo, kwenye yuan 30 na kitu, ila ukila saa tano asubuhi huhitaji kitu kingine mpaka usiku. Wenyeji wanaila asubuhi na mchana, usiku ni nzito.

Hatua ya saba: vya kumalizia

Jioni ndo mishikaki. Vipande vidogo vya kondoo, pande la mafuta katikati, chumvi, pilipili na binzari nyembamba ya kutosha, harufu inakufikia kabla hujaona moshi. Hapo huhitaji maelekezo, unajua. Ila uliza bei ya kijiti kimoja kabla hawajaweka kwenye moto, "duo shao qian", sema "duo shao chien", maana kwenye mitaa ya watalii vijiti vinatofautiana saizi na bei. Kuna kinywaji cha suanmeitang, cheusi, baridi, kichachu kitamu, ukikinywa utasema huyu ni ndugu wa ukwaju, kinaendana na nyama sana.

Maneno mengine ya kukusaidia: mwenye duka muite laoban. Ukitaka kitu alichonacho jirani nyoosha mkono sema "zhe ge", hiki, hamna anayekasirika, mimi nimejua vyakula vingi kwa njia hiyo tu. Cha kubeba sema "da bao". Bakshishi hamna, ukiacha hela mezani atakukimbiza barabarani akurudishie.

Na asubuhi moja kabla hujaondoka amka mapema uende Sajinqiao. Kuna hulatang, supu nzito ya pilipili manga, viazi, karoti, kabichi na vidonge vya nyama ya ng'ombe, unachovya mkate, wakati wa baridi inakuamsha mwili mzima. Na pembeni utamuona mtu na toroli, juu yake pipa linatoa mvuke, hiyo ni zenggao, wali wa kunata umepangwa tabaka na maharage na kunazi kubwa nyekundu, umepikwa kwa moto mdogo usiku kucha mpaka kunazi zimeyeyuka na wali umegeuka rangi ya kahawa. Anaukata kwa kisu kutoka juu mpaka chini upate kila tabaka, kwaiyo usimwambie akupe ya juu tu. Wahi, ikifika saa nne pipa linakua tupu na yeye ameshaondoka.